Mabati Arobaini na Nyoka Mwekundu

Jumamosi, 12 Agosti 1989

Kaka Houmadi kaja asubuhi na sanduku. La mbao, kioo upande mmoja, vitundu juu. Kalitua kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa — juu ya gauni la watu! — akasema, Zoubeida, tazama, ila usipige kelele.

Nimetazama. Nimepiga kelele.

Nyoka! Kwa jicho la fundi cherehani, mita moja na robo. Rangi ya chungwa lililoiva, mabaka mekundu yenye ukingo mweupe, tumbo kama mchele, na macho — mekundu pia. Sijapata kuona kiumbe aliyepakwa rangi namna ile. Houmadi kasema hakupakwa, kazaliwa hivyo. Wazungu huchagua mwekundu wakamweka na mwekundu mwenzake, watoto wakachaguliwa tena, mwaka baada ya mwaka, mpaka akatoka huyu. Kwa Kifaransa anaitwa nyoka wa ngano. Hana sumu. Ngano yenyewe hatulimi, lakini nyoka wake tunaye.

Nikauliza kwa nini nyumbani kwangu na si kwake. Kumbe Mariama, mkewe, kasema akiingia nyoka, yeye Houmadi atoke. Na hana la kubisha, nyumba ni ya mkewe. Mwanamume wa kisiwa chetu cha Ngazidja ana kwake pawili: kwa mke, anakolala, na kwa dada, anakoweka vitu asivyoruhusiwa kuviweka anakolala. Miaka mitatu iliyopita ilikuwa injini ya boti. Sasa hii.

Nimeuliza kampata wapi. Kwa Lambert, yule ofisa mamluki wa Walinzi wa Rais, kwa maafikiano mazuri sana. Maafikiano gani? Tutazungumza, kasema. Kaka yangu akisema tutazungumza, kichwa huanza kuniuma.

Jumatatu, 14 Agosti

Mabati! Katoa mabati!

Arobaini. Ya paa la mwanangu Moinafouraha. Nimeyanunua miaka minne, mawili mawili, matatu matatu, kila baada ya msimu wa harusi za watu. Yalikuwa kwenye ghala la rafiki yake Houmadi na ufunguo anao Houmadi, maana yeye ndiye mjomba, na mjomba wa bibi harusi ndiye anayesimamia ujenzi. Kasimamia! Kayapakia yote kwenye gari la Lambert, kapewa nyoka.

Kuta za nyumba ya mwanangu zimesimama kwenye kiwanja cha mama yetu, njia ya kwenda Mvouni. Zimesimama wazi, zinatazama mbingu. Maoulida, mchumba wake, anakuja kutoka Marseille Julai mwakani kwa ajili ya harusi, na kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke. Atahamia wapi? Kwenye kuta?

Nimempigia Houmadi kelele mpaka jirani akaacha kutwanga. Alingoja nimalize, kisha akaeleza kwa ule upole wake unaoudhi. Mtoto mmoja mwekundu, Lambert kamwambia, kwa Wazungu wa Johannesburg anapata bei ya mabati matano. Mtoto wa rangi ya kawaida wanampa mtu bure amchezee. Na jike anataga mayai kumi, kumi na tano. Piga hesabu, Zoubeida! Hatutaezeka bati, tutamwaga zege! Moinafouraha atakuwa na ghorofa!

Moinafouraha alikuwa mlangoni. Kachukua ndoo akaenda kuteka maji kwenye birika la mvua, na ndoo nyingine ilikuwa imejaa.

Houmadi ni mjinga. Ni mjinga, ni mjinga, ni mjinga. Namshukuru Mungu nilisoma shule Unguja, na yeye kalelewa hapa kwa bibi. Haya ya Kiswahili hawezi kuyasoma.

Ijumaa, 18 Agosti

Nimekwenda Itsandra kupeleka vitambaa vya meza hotelini. Nikapita pwani makusudi. Nimeliona paa la mwanangu.

Linang'aa. Lambert kajenga baa ya makuti, makuti yakawa yanavuja, sasa kaezeka upya. Wazungu watatu walikuwa wamekaa chini yake, miguu juu ya viti, wanakunywa bia. Watu wanapita mbali. Hawa waliingia nchini mwaka wa sabini na nane, na tangu hapo nchi nzima inawapisha njia. Nani atamshtaki mzungu wa Walinzi wa Rais kwa ajili ya mabati? Na angeshtakiwa kwa lipi? Kaka yangu katoa kwa mkono wake, anacheka.

Lambert kaniona. Kaja mwenyewe, adabu tele. Madam Zoubeida, asante, sasa hatulowi! Ana nywele nyeupe masikioni, na mikono ya mtu aliyezoea kushika vitu vidogo. Sikutegemea hilo.

Nikamwuliza kwa Kifaransa changu kibovu: Bwana, kweli nyoka ni sawa na paa?

Hakucheka. Kafikiri. Kasema hivi, nami nakumbuka vizuri kwa sababu njia nzima nilikuwa nabishana nayo: "Madam, ukinunua nyoka wa kahawia, unanunua nyoka. Ukinunua huyu, unanunua miaka. Rafiki yangu alichagua na kuchagua miaka kumi."

Miaka! Na mimi je? Miaka yangu minne ile pale juu, imepigiliwa misumari, inakinga bia isiingie maji. Nilitaka kumwambia hivyo. Kifaransa hakikutosha. Nimesema merci, nimeondoka, na nimejichukia mpaka nyumbani.

Jumapili, 27 Agosti

Wiki mbili na mgeni. Nimemfunika kwa shuka nisimwone nikishona. Mashine ikianza kulia, naye anatoa ulimi. Houmadi anatega panya kwenye maghala ya soko la Volo-Volo na kumletea kila Jumapili kwenye mfuko, na ni lazima nitoke nje mpaka amalize. Wateja wawili wameacha kuja. Wanne wapya wanakuja kumwona tu, wanapima nguo ya uongo, hawarudi.

Leo kavua ngozi. Houmadi kaikunjua kwenye meza kwa furaha, nzima, toka pua hadi mkia. Nimeishika kwenye mwanga. Haina rangi! Nyeupe, macho yanapenya, kama karatasi ya kufungia peremende. Nikamwambia, haya, ile nyekundu tuliyoilipia iko wapi? Kasema iko ndani. Ndani wapi? Hakujua. Kasema mambo ya kitaalamu.

Sitaki kumtetea, lakini sitajidanganya pia. Mimi ninaishi kwa rangi. Kitambaa kilekile, kiwanda kilekile, cha kahawia kinakaa rafuni mwaka mzima, chekundu kinagombaniwa kabla sijakifungua. Nguo inafunika vilevile. Kwa hiyo bei ya rangi si uongo, ikiwa yupo mtu anayeitaka. Tatizo langu ni hilo. Anayeitaka yuko Johannesburg, na anayejua anwani yake ni Lambert peke yake.

Na nyoka mmoja hazai. Nimemwambia Houmadi leo. Nadhani hakuwa amelifikiria.

Alhamisi, 7 Septemba. Mutsamudu

Niko kisiwa cha Nzuani! Na kaka, na kapu tupu lenye kifuniko. Meli ilitutikisa mpaka nikatubu madhambi ya utotoni.

Houmadi kasikia kwamba Mutsamudu kuna dume. Mfaransa mmoja mwalimu wa sayansi aliondoka akamwacha kwa kijana anayetunza maabara ya shule, Zaïdou. Mimi nimekuja kwa sababu sitamwacha kaka yangu afanye maafikiano peke yake tena maisha yake yote.

Vichochoro vya hapa ni vyembamba, nimepishana na mwanamke aliyejitanda shiromani, ile leso yao kubwa, ikabidi mmoja wetu arudi nyuma. Wekundu wa zile shiromani! Nikawaza, hawa wangemwelewa yule nyoka. Kisha nikajikasirikia kwa kuwaza hivyo. Sokoni wanacheka Shingazidja chetu waziwazi. Mzee mmoja muuza viungo kasikia nikihesabu kwa Kiswahili, kanijibu kwa Kiswahili, na kanipunguzia karafuu. Dakika tano nzuri za safari nzima.

Ijumaa, 8 Septemba. Mutsamudu

Baada ya swala tumekwenda kwa Zaïdou. Kijana mwembamba, mpole, anaishi na mama yake, Bi Hadjira, ambaye katutilia chai na kutuuliza tuna shida gani nyumbani kwetu hata tufuate nyoka kuvuka bahari.

Dume ni la kahawia. Kahawia ya mkeka uliochakaa, mabaka yake kama chai iliyomwagika. Houmadi kafurahi hivyo hivyo. Dume ni dume!

Zaïdou kasema, Bwana Houmadi, ngoja kwanza. Kaleta maharage mekundu na meupe kwenye sahani, kaanza kuyapanga mawili mawili. Kasema rangi ya jike wetu haifuati mama. Inataka pande mbili, baba awe nayo na mama awe nayo, la sivyo haionekani. Dume lake halina.

Houmadi kacheka mpaka kaweka kikombe chini. "Kijana, kwetu mtu akipita tunauliza mama yake nani. Nyumba ya mama, ardhi ya mama, ukoo wa mama. Baba ni mgeni anayekuja kulala. Mtoto afuate nani kama si mama?"

"Watu ni watu, Bwana Houmadi. Mimi nasema nyoka."

"Basi nyoka ana akili kuliko watu wa Mutsamudu!"

Bi Hadjira kacheka pia. Zaïdou kaona haya, karudisha maharage kwenye kopo, hakumaliza.

Na mimi? Naandika ili nisije nikasema uongo baadaye. Mimi nilikuwa upande wa Houmadi. Niliona kijana anatuletea mambo ya vitabu. Nyumba yangu ni ya mama yangu, na ya mwanangu itakuwa ya mwanangu. Nikasema kwa sauti, bila shaka watamfuata mama, wamfuate nani mwingine?

Dume tumeazimwa. Watoto watakaotoka, nusu ni wa Zaïdou. Kakubali lakini hakuonekana kama mtu aliyepata kitu.

Ijumaa, 15 Septemba. Moroni

Wameunganishwa. Wamekubaliana. Mengine sitaandika, mimi ni mwanamke mwenye heshima. Houmadi kasimama mbele ya kioo saa nzima kama anatazama mpira.

Moinafouraha kacheka leo kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Kasema, Mama, angalau hao wana paa.

Ijumaa, 13 Oktoba

Mayai kumi na manne!

Moroni nzima iko kwenye Maulidi, mimi niko sakafuni nayachambua mayai ya nyoka. Meupe, marefu, laini kama ngozi ya glavu. Lambert kamwagiza Houmadi: yakae penye joto, penye unyevu, yasigeuzwe. Nimeyaweka kwenye sufuria yangu kubwa ya pilau, katikati ya makumbi ya nazi yaliyoloweshwa, chini ya meza ya mashine. Sufuria ya pilau! Sitapikia tena. Nimeipa talaka.

Houmadi keshaanza kutembea kwa namna nyingine. Nasikia bangweni, pale wanaume wanapokaa jioni, kawaambia wenzake kwamba nyumba ya mpwa wake itakuwa ya zege. Mbele ya watu! Sasa maneno yameshatoka, na bangweni neno likitoka halirudi, anaulizwa nalo kila jioni mpaka afe. Nimemwambia angenyamaza mpaka waanguliwe. Kasema, dada, wewe huna imani.

Sina. Lakini nimeamka mara mbili leo kuangalia kama makumbi yamekauka.

Jumapili, 12 Novemba

Mvua za kwanza. Nimepanda kiwanjani na Moinafouraha. Maji yamesimama ndani ya chumba cha kulala hadi kifundo cha mguu, plasta ya upande wa bahari imeanza kubanduka. Tumechota kwa makopo, kisha mvua ikaja tena tukaacha.

Tulipokuwa tunaondoka, nani anashuka kwenye gari? Batoul. Mama yake Maoulida. Leso mpya, mwavuli, na yule dada yake asiyesema kitu ila anakumbuka kila kitu. Kasema anapita tu. Hakuna mtu anayepita pale tu.

Kazunguka kuta. Kagonga moja kwa ncha ya mwavuli. "Kuta nzuri, Zoubeida. Zinangoja nini?"

Nikasema mabati yako njiani. Na ni kweli! Yako njia ya Itsandra.

Katabasamu. Kasema yeye hana haraka, ni Maoulida anayeuliza kwenye barua. Kasema wazee wa ukoo wao wangependa kuliona paa kabla ya Ramadhani, ili mtoto asikate tiketi bure. Kasema pia, akikunja mwavuli, kwamba Ntsoudjini kuna familia ina binti na nyumba ya ghorofa mbili, madirisha ya vioo, watu wanamtajiatajia, lakini yeye hasikilizi.

Asiyesikiliza huwa hahesabu madirisha.

Moinafouraha anampenda yule kijana. Si mambo ya wazazi tu. Wanaandikiana tangu akiwa darasani, ana barua zake kwenye kopo la maziwa. Njia nzima kutoka Mvouni alitembea viatu mkononi, matope hadi magotini. Ningekuwa mwanamume ningekwenda Itsandra usiku ule ule na nyundo.

Jumatatu, 27 Novemba

Rais kauawa. Redio inapiga Kurani tu. Hakuna mwenye kusema sawasawa aliyemuua ni nani, na kila mtu anasema kwa kunong'ona. Magari ya Walinzi yanapita kasi. Nimefunga madirisha. Houmadi kaja kwa njia ya nyuma, nikadhani kaja kututazama sisi. Kaja kutazama sufuria.

Jumanne, 5 Desemba

Vijana wa shule wameandamana, wametawanywa. Moshi mpaka huku. Wafaransa wanasema mamluki waondoke. Waende! Miaka kumi na moja!

Kisha nikafikiri: wakienda wote, nani atanunua nyoka? Nimeona aibu kulifikiria, siku ambayo watoto wa watu wanapigwa. Lakini nimelifikiria, na naliandika.

Jumapili, 10 Desemba

Wameanguliwa.

Asubuhi yai moja lilikuwa na mkato, mwembamba, kama uliopigwa na wembe wangu. Nikamwita Moinafouraha, akamwita mjomba wake, akaja na kanzu ya Ijumaa. Tumekaa watatu sakafuni kuzunguka sufuria. Kichwa kikatoka, kidogo kama punje ya maharage.

Kijivu.

Houmadi kasema ni uchafu wa yai. Ngoja akauke. Tukangoja. Kakauka. Kijivu na kahawia, mabaka meusi meusi. Houmadi akachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu — kaka yangu, mtu mzima, mwenye nafasi yake bangweni — akamshika yule mtoto kwa vidole viwili, akaanza kumsugua. Polepole, kama anayetoa doa. Yule mtoto akamwuma. Akaendelea kusugua.

Wa pili kahawia. Wa tatu. Mpaka adhuhuri kumi na wawili, mayai mawili yameharibika. Wote kahawia. Wote mkeka mchakavu! Hata mmoja, hata mmoja wa kudanganyia macho, hakuna!

Moinafouraha ndiye aliyesema: wamemfuata baba yao.

Houmadi akaweka kitambaa chini. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Nilikuwa nimejiandaa tangu Agosti, nina maneno yamepangwa kama vifungo kwenye kopo, makali, ya kumtosha maisha. Hakuna lililotoka. Nimempa maji. Nimemhurumia na nimetaka kumpiga kwa sufuria ile ile, vyote pamoja.

Nami nilisema watamfuata mama. Nilisema kwa sauti, mbele ya Bi Hadjira.

Jumanne, 12 Desemba

Nimekwenda posta kumpigia Zaïdou shuleni. Nimengoja laini karibu saa mbili, Houmadi kasimama nyuma yangu anapumua shingoni.

Zaïdou hakusema, "Si niliwaambia?" Kijana mwema, angesema ningekata simu. Kauliza tu: kahawia wote? Wote. Kasema, basi msiwagawe bure, Bi Zoubeida. Rangi imo. Kila mmoja kaipokea kwa mama, ila imejificha, inangoja upande wa pili.

Nikasema, itatoka lini? Kasema wakikua, miaka miwili, labda mitatu. Wakiwekwa pamoja kaka na dada, katika wanne huenda mmoja akatoka mwekundu. Lakini njia bora ni kumrudisha mwana wa kiume kwa mama yake, hapo nusu watakuwa wekundu.

"Mama na mwanawe?!" Nimepiga kelele posta nzima ikageuka. Mwanamke aliyekuwa akinunua stempu kaondoka bila chenji. Houmadi nyuma yangu: astaghfirullah, astaghfirullah!

Laini ilikwaruza, kisha sauti ya Zaïdou, pole pole: "Wao hawana kadhi, Bi Zoubeida."

Kwa hiyo tunaye jike mwekundu mmoja, dume la kuazima, watoto kumi na wawili ambao sita si wetu, na mabati sifuri. Miaka miwili! Ramadhani ni mwezi wa tatu. Batoul atahesabu madirisha ya Ntsoudjini mpaka ayajue kwa majina.

Nimerudi nimekasirika hata nimeshona mkono wa blauzi kinyume. Nikafumua. Nikashona tena kinyume. Baadaye nikajikuta nimepiga magoti mbele ya sufuria, nawatazama wale sita wetu mmoja mmoja, najiuliza yupi dume.

Alhamisi, 14 Desemba

Naandika haraka.

Lambert kaja saa nne asubuhi. Bila kofia ya kijeshi, ndevu za siku tatu. Gari kaliacha linanguruma mlangoni, majirani wote wamefunga madirisha. Kasema wanaondoka kesho, wote, Wafaransa wanachukua mahali pao. Kila mtu anaruhusiwa begi moja. Kasema anamtaka nyoka wake.

Wake! Houmadi alikuwa hapa, kaja kulisha.

Lambert kasema si bure. Karudia kwa utaratibu ili nielewe. Mabati arobaini, yale yale. Ana watu wanne Itsandra, watayateremsha sasa hivi na kuyapeleka Mvouni kabla ya alasiri. Nyoka arudi kwake, paa lirudi kwetu, tuagane vizuri. Huko Johannesburg ataanza maisha upya na huyo mnyama, hana kitu kingine. Hilo la mwisho kalisema chini chini, na macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye kioo.

Paa lirudi kwetu! Nililolilia tangu Agosti, limekuja lenyewe mpaka mlangoni, linaomba kuchukuliwa.

Houmadi kanitazama. Yeye ndiye mkubwa, yeye ndiye mjomba, lakini kaniachia mimi niseme. Moinafouraha katoka chumbani, mkono mdomoni, macho yanang'aa kama siku ile barua ya kwanza ilipofika. Wote watatu wananingoja mimi.

Nikasikia mtu anasema: Haitoshi.

Ilikuwa sauti yangu. Kwa Kifaransa, na safari hii Kifaransa kilitosha! Nikamwambia Bwana, mwezi wa Agosti ulitupa jike lisilojulikana kama linazaa. Leo ni mama wa mayai kumi na manne. Si mnyama yule yule. Wewe mwenyewe ulisema tunanunua miaka, basi na hii miezi minne ina bei yake. Nataka mabati, na mbao za kenchi za kushikilia paa, na milango miwili ya baa, na jenereta.

Moinafouraha kasema, Mama. Mara moja tu.

Lambert katazama saa. Nilidhani atanitukana, mtu wa bunduki kama yeye. Kacheka kidogo, kicheko kibaya, kasema Madam, wewe ulistahili kuwa upande wetu. Kasema jenereta si yake peke yake, anakwenda kumwuliza mwenzake, atarudi kabla ya adhuhuri.

Adhuhuri imeadhiniwa. Alasiri imeadhiniwa.

Houmadi, msemaji wa bangwe zima, kakaa sakafuni. Anakunja na kukunjua ule mfuko wa panya. Jirani kapita dirishani kasema Itsandra watu wameshaanza kuingia kwenye majumba ya Wazungu, kila mtu anabeba anachokiweza. Nikamwuliza, na baa ya Lambert? Hajui. Nimemwambia Houmadi aende. Kasema akienda na Lambert akaja je? Basi nikasema niende mimi. Sijaenda. Nyoka kajikunja pembeni, mwekundu kama siku aliyoletwa, hana habari na mtu.

Moinafouraha kajifungia chumbani. Nimegonga. Nimemwambia atakuja, mzungu anampenda nyoka wake, nimemwona anavyomtazama, atakuja tu. Kisha kaniuliza kutoka nyuma ya mlango, bila hasira, na ingekuwa nafuu angekuwa na hasira: "Mama, angekubali pale pale, ungeongeza nini tena?"

Nimerudi mezani kuandika.

Kuna gari linapanda kichochoro. Houmadi kasimama.

Jibu la swali la mwanangu nilikuwa nalo. Friji ya baa.